Mzigo Wako Una Jina?



Kabla ya kushuka shimoni, mtu wa mgodi huchukua jetoni zake. Ni vipande vidogo vya chuma vyenye namba. Kimoja kinatundikwa juu ya ubao wa mlangoni, kingine kinakwenda naye chini. Mwisho wa zamu karani anatazama ubao. Jetoni ikiwa ingali imening'inia, anajua kuna mtu ambaye hajapanda, na kabla ya jambo lingine lolote mtu yule anatafutwa. Hakuna haja ya kuuliza, "Huyu ni nani? Anatoka wapi?" Namba imekwisha kujibu.

Sasa mtazame mtu huyu huyu siku anapopata konje. Amenunua vitenge vya mama yake, sukari, sabuni, sufuria na viatu vya watoto. Jasho la mwaka mzima limeingia ndani ya valizi moja na magunia mawili. Anavifunga kwa kamba iliyokatika mara tatu, anavitupa juu ya kamio, anapanda. Jina halipo, namba haipo, alama haipo. Mtu ambaye kwa miezi kumi na moja hakukubali kushuka bila jetoni anakubali mali yake yote isafiri kama yatima.

Mimi naona jambo hili si dogo. Wengine watasema, "Mizigo ni habari ya wezi, haihusu ukurasa wa usalama na afya." Hapana. Mzigo usiofungwa vizuri unavunja mgongo na kutoa jicho. Mzigo usiojulikana ndani yake una nini unaunguza gari zima. Mzigo uliozidi unazamisha mashua. Usalama hauishii kwenye mlango wa mgodi. Unapanda kamio pamoja nawe.

BARABARA YETU

Chukua safari ambayo wengi wenu mnaijua, kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi. Ukishapita Kalundu, barabara ya Taifa Namba 5 inabanwa kati ya milima na ziwa. Makobola iko hapo, mahali Uvira inapopokezana na Fizi, kisha unakuja Swima, Mboko, mpaka Baraka. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni maji ya Tanganyika. Wakati wa mvua mito inashuka kwa nguvu kutoka juu, inachimba barabara na kuleta mawe. Aprili 2020 watu wa Uvira waliona mto Mulongwe ulivyobeba nyumba na vitu vyote vilivyokuwa ndani yake.

Katika safari ya namna hii mzigo haukai mahali pamoja. Gari linakwama, watu wanashuka, vitu vinashushwa, vinavushwa juu ya vichwa, vinapandishwa juu ya gari lingine ng'ambo ya pili. Kwenye barieri vinashushwa tena. Ukifika kando ya ziwa vinaingia ndani ya mtumbwi mdogo, kutoka mtumbwi vinaingia ndani ya boti kubwa. Hesabu mwenyewe. Kila mara mzigo unapotoka mkono huu kwenda mkono ule, kuna nafasi moja ya kupotea, nafasi moja ya kubadilishwa, nafasi moja ya kuanguka juu ya mtu.

Tena magunia yote yanafanana. Mifuko ile mikubwa ya mistari ya bluu na nyekundu, unayoiona kila sokoni, ni kama mapacha. Abiria ishirini wana mifuko ishirini ya namna moja. Usiku, mvua inanyesha, shofere anapiga honi, kila mtu anavuta wa karibu. Asubuhi yake mama mmoja wa Mboko anafungua mfuko na kukuta suruali za mwanamume asiyemjua, na mwanamume yule huko Baraka anashangaa mbele ya nguo za mtoto mchanga. Hakuna mwizi hapo. Kuna mifuko miwili isiyo na jina.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

JINA NJE, JINA NDANI

Mnajua meli Liemba, ambayo wazee wa kando ya ziwa wameisimulia sana. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, nayo iliitwa Graf von Goetzen. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikapakiwa ndani ya masanduku yapata 5,000. Masanduku yale yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapelekwa Kigoma, na mafundi waliotoka kule iliko tengenezwa wakasimamia kuiunganisha upya. Mwaka 1915 iliwekwa majini. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Fikiri kidogo, ndugu. Masanduku 5,000, bahari, reli na mabega ya watu. Kama fundi angefika Kigoma asijue sanduku lipi lina nini, meli ingeunganishwa namna gani? Wewe una vifurushi vitatu tu, na huwezi kuviandika?

Namna ya kuandika ni hii. Kipande cha kitambaa cheupe, shona jina kwa uzi wa rangi. Akina mama wa Uvira wanajua kupamba vitambaa vya meza kwa maua na ndege. Herufi chache haziwezi kuwashinda. Uzi hauogopi mvua. Wino wa kalamu ya kawaida unaogopa, na maji ya ndani ya mtumbwi pamoja na mafuta ya ndagala yataufuta kabla ya kufika Swima. Ukitumia rangi ya mafuta, nunua yako mwenyewe. Ile ya karakana iache karakanani.

Andika jina lako, mji unaokwenda, na namba ya simu ya mtu atakayekupokea. Kwa nini si yako peke yake? Kwa sababu simu yako ikipotea pamoja na mzigo, nani atajibu? Kisha andika karatasi ya pili yenye maneno yale yale, itie ndani ya plastiki, iweke juu ya nguo kabla ya kufunga. Kitambaa cha nje kikikatika, yule atakayefungua mzigo akitafuta mwenyewe atakuta karatasi.

Weka pia alama moja inayoonekana mbali: utepe mwekundu, kipande cha kitenge chenye rangi kali, duara la rangi kwenye pande zote mbili. Alama hii inasaidia hata mzee asiyejua kusoma. Na kama una vifurushi vitatu, viandike 1/3, 2/3, 3/3. Atakayekisaidia kimoja atajua kina ndugu zake wawili.

Wale wanaopanda ndege wana jambo moja zaidi. Ngoeni karatasi za safari ya zamani. Valizi yenye karatasi mbili ni kama mtu mwenye majina mawili mbele ya karani. Haijulikani itapelekwa wapi. Karatasi ndogo ya namba mnayopewa mnapotoa mzigo, itunzeni mpaka nyumbani. Mkataba wa Montréal wa mwaka 1999 unasema, katika safari za kimataifa, mwenye mzigo ulioharibika alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu aupokee, na kwa mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uwekwe mikononi mwake. Bila karatasi ile, utaanzia wapi?

"LAKINI MWIZI ATANIJUA"

Nasikia wengine wakisema, "Nikiandika jina langu nje, mwizi atajua ni mzigo wa mtu wa kampani, atadhani kuna feza." Neno hili lina ukweli, nami silitupi.

Ndiyo maana usiandike kazi yako, wala namba ya nyumba, wala jina la kampani. Usiandike kilichomo ndani. Jina, mji, simu, basi. Valizi yenye chapa ya kampani inayong'aa ni sawa na kupiga ngoma sokoni. Lakini kusema mzigo usio na jina unamwogopesha mwizi, huko ni kujidanganya. Mwizi anapenda zaidi mzigo usio na jina, kwa sababu mtu akimkamata nao anaweza kusema, "Ni wangu." Utamshinda kwa neno gani? Lakini kama wewe unaweza kusema mbele ya watu, "Fungueni, juu ya nguo mtakuta karatasi yenye jina langu, na kitambaa kimeshonwa kwa uzi wa kijani," maneno yake yamekwisha.

KAMBA SI MAPAMBO

Tuje kwenye kufunga. Ndani ya mgodi hatukubali gari la mawe lipande likiwa limejaa kupita ukingo, kwa sababu jiwe moja likianguka linaua mtu aliye chini. Kwa nini barabarani tunakubali?

Katika kamio, kitu kizito kinakaa chini na katikati: simenti, misumari, magunia ya unga. Vyepesi vinakaa juu. Kinyume cha hapo, gari linakuwa kama mtu aliyebeba jiwe kichwani na pamba miguuni. Kona moja na linalala. Tena, watu hawapaswi kukaa juu ya mzigo. Najua hiyo ndiyo desturi ya barabara nyingi za huku, na najua mara nyingine hakuna gari lingine. Basi angalau usikae juu ya kitu kisichofungwa. Kitakapoteleza, wewe ndiwe utakayetangulia chini nacho kitakufuata juu.

Ndani ya taksi usiweke gunia au jiko la chuma nyuma ya kichwa chako. Gari likigonga kitu, lenyewe linasimama, lakini mzigo hausimami. Unaendelea mbele kwa mwendo ule ule, na nguvu yake ni mara nyingi kuliko uzito wake wa mizani. Sufuria iliyo tulia inakuwa risasi.

Juu ya pikipiki hatari ni kubwa zaidi. Motari anafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka chemba ya gurudumu, au kwa ile mipira yenye ndoano za chuma. Mpira uliovutwa ukiachia, ndoano inakuja moja kwa moja usoni. Jicho lililotoboka halina dukani pa kulinunua. Unapofunga au kufungua, geuza uso pembeni, usiiname juu ya ndoano. Ncha ya kamba isiachwe ikining'inia karibu na gurudumu, wala kitenge cha mama, wala shuka ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Gurudumu likikamata kitambaa, halijui kuwa ndani yake kuna mtu.

Na mgongo wako? Mtu anayefundishwa kazini kuinua chuma kwa kupiga magoti, akifika stendi anainua gunia kwa kuinama tu, kwa sababu shofere anapiga kelele. Mgongo ni ule ule. Piga magoti, kumbatia mzigo karibu na kifua, simama kwa nguvu za miguu. Na afadhali magunia mawili ya kilo 25 kuliko moja la kilo 50. Haraka haraka haina baraka, na anayekwenda Baraka akumbuke hivyo.

NDANI YAKE KUNA NINI?

Hapa ndipo penye moto, na wakati mwingine moto wenyewe.

Julai 2, 2010, katika Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, gari la mafuta lilipinduka. Mafuta yalimwagika, watu wakakaribia, wengine na vyombo vya kuchotea. Moto ulipowaka uliwaua watu zaidi ya 200, wakubwa na watoto. Kila mtu wa bonde la Ruzizi anajua habari hiyo. Na bado leo unaona bidoni la lita 20 la petroli likisafiri kati ya magodoro ya abiria, kizibo chake kikiwa kipande cha plastiki. Mvuke wa petroli hauonekani, nao unatambaa chini mpaka ukutane na sigara ya mtu. Mtu mwenye bidoni la namna hiyo katika gari la watu hajabeba mzigo wake peke yake. Amebeba na maisha ya wengine, bila kuwauliza.

Sisi watu wa migodi tuna dhambi zetu za pekee hapa. Karbidi ya taa za zamani za mgodi, ikiguswa na maji, inatoa gesi inayowaka na kulipuka. Kuiweka ndani ya mashua inayovuja ni wazimu. Zebaki, ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaitumia, inatoa mvuke wenye sumu kwa ubongo na figo, nao ni hatari zaidi kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Tena inakula aluminiamu, na ndege imetengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana haikubaliwi ndani ya mizigo ya abiria. Dinamiti na kapsuli zake, hata moja, hata tupu unavyodhani wewe, havitoki mgodini ndani ya mfuko wa mtu. Kapsuli ni ndogo kama kalamu, inang'aa, nayo mtoto akiipata ataichezea. Vidole vyake havitarudi.

Usisahau chupa. Asidi, petroli, dawa ya kuua wadudu vikitiwa ndani ya chupa ya soda, vimevaa nguo ya mtu mwingine. Mtoto mwenye kiu katika safari ndefu hataomba ruhusa. Kila chupa na kila bidoni liandikwe kilichomo, na sumu isisafiri kabisa pamoja na chakula.

Kuna na habari nyingine ya nchi yetu, ambayo mtu angecheka kama isingekuwa na vifo. Agosti 25, 2010, ndege ndogo ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu, wakafa watu 20. Abiria mmoja tu alipona. Kwa ushuhuda wake uliotangazwa, mtu mmoja alikuwa ameficha mamba mdogo ndani ya mfuko wa mkononi. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote pamoja, ndege ikapoteza usawa wake. Mfuko mmoja ambao jirani hakujua una nini!

"NIBEBEE KIDOGO TU"

Sasa ninafika kwenye neno ambalo litawaudhi wengine. Lakini gazeti lisilosema neno la kuudhi halisaidii mtu.

Kwetu, msafiri hasafiri peke yake. Siku moja kabla ya kuondoka, shemeji analeta kifurushi, jirani analeta bahasha, mama wa kanisa analeta kikapu. "Baba Fulani, nibebee kidogo tu, mtu atakungoja Makobola." Kukataa ni aibu. Ni desturi nzuri, maana imelisha wazee wengi ambao hakuna posta inayowafikia. Siombi ivunjwe.

Lakini nasema hivi: usibebe kitu usichokiona kwa macho yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema Waswahili, maana yake mzigo wa mwingine unaonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Wewe ndiwe utakayeulizwa kwenye barieri, si shemeji. Ndani kukiwa na mchanga wa dhahabu au mawe ya madini bila karatasi, Kode ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, haitauliza ni mzigo wa nani kwa moyo. Itauliza uko mkononi mwa nani. Kazi yako inaweza kuisha hapo, na watoto wako watalipa kwa ajili ya ukarimu wa saa moja.

Dunia imelipia somo hili kwa bei kubwa. Juni 23, 1985, ndege ya Air India ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland, wakafa watu 329. Bomu lilikuwa ndani ya valizi iliyotolewa Vancouver na mtu ambaye yeye mwenyewe hakupanda. Valizi ilisafiri bila mwenyewe. Tangu hapo viwanja vya ndege vilikaza sheria ya kulinganisha kila mzigo na abiria wake: asiyepanda, mzigo wake unashushwa.

Basi tufanye vivyo hivyo bila kuvunja udugu. Mwambie kwa heshima, "Shemeji, nitabeba, lakini tufungue pamoja, tufunge pamoja, na uandike jina la mwenye kupokea." Mtu mwenye nia safi hataona vibaya, atafurahi kwamba kitu chake kinatunzwa. Anayekasirika kwa sababu umeomba kuona, amekwisha kukujibu.

WENYE MAGARI, WENYE MABOTI NA KAMPANI

Ingekuwa vibaya kumwekea abiria deni lote. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa letu hili, upande wa Kalemie. Walihesabiwa watu 129 waliokufa. Serikali ilisema mzigo ulipita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Abiria hakuipakia meli. Abiria hakuandika, wala hakuacha kuandika, watu wangapi wameingia.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye boti anayepokea feza ya mzigo bila kutoa namba, anauza giza. Kipande cha karatasi chenye namba mbili, nusu kwa mwenye mzigo na nusu kwenye mzigo, bei yake ni karibu na bure. Daftari la majina ya abiria na uzito wa mizigo bei yake ni daftari moja. Ubao wa jetoni mgodini haukuwekwa ili kupendeza macho. Uliwekwa kwa sababu watu walikufa bila kujulikana. Mashua za Tanganyika zinahitaji ubao wao. Na abiria ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa, "Namba yangu iko wapi? Majaketi ya kuokolea yako wapi?" Watu kumi wakiuliza pamoja, mwenye boti atasikia.

Kampani nazo zina lao. Mfanyakazi anapopewa konje, apewe na vipande vya kuandikia mizigo, kama anavyopewa kofia ya kazi. Ni gharama ndogo kuliko siku za kazi zinazopotea mtu anapozunguka Uvira akitafuta valizi.

KITU KIMOJA USIKIFUNGE

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Mali inatafutwa tena. Mtu hatafutwi tena.

Gari likiwaka, boti likianza kuingiza maji, acha mzigo. Usirudi kwa valizi, hata kama ndani yake kuna mwaka mzima wa kazi yako. Mlango ni mwembamba, na mtu anayevuta gunia mlangoni anawafungia njia walio nyuma yake. Mwambie mke wako maneno hayo kabla ya safari, waambie na watoto, ili saa ile isipotee katika mabishano.

Kwa sababu hiyo, vile usivyoweza kuviacha visikae ndani ya mzigo. Karatasi ya uraia, kitabu cha kazi, hati za kuzaliwa za watoto, dawa za mgonjwa na feza kidogo vitiwe ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri, vikae mwilini mwako. Watu wa Uvira na Fizi hawahitaji kufundishwa sana hapa. Mwaka 1996, na tena 1998, wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma na walichokuwa nacho mkononi, wengine wakakaa miaka mingi Lugufu na Nyarugusu. Aliyevuka na hati zake alipata shida. Aliyevuka bila hati alipata shida mbili.

Na mtoto mdogo, ambaye hajui kusema jina la baba yake na la mji wake, ndiye anayehitaji kitambaa kuliko valizi yoyote. Shona jina lake na simu ya mzazi ndani ya nguo, si nje, ili mgeni asimwite kwa jina na kumdanganya. Gunia likipotea, tutanunua lingine.

KABLA YA KUPANDA, JIULIZE

Vifurushi vyangu ni vingapi, na vyote vina jina nje na ndani?

Kizito kiko chini? Kamba ni nzima? Ncha zake ziko mbali na gurudumu?

Ninajua kilichomo ndani ya kila kifurushi, hata kile cha shemeji?

Nimepewa namba ya mzigo wangu?

Hati zetu ziko mwilini? Jina la mtoto liko ndani ya nguo yake?

Ukiweza kujibu "ndiyo" mara zote, panda. Kata vipande vya kitambaa leo jioni, mpe mama sindano, mwite mkubwa wa watoto aandike herufi kwanza kwa kalamu ili zifuatwe na uzi. Ni kazi ya saa moja. Usingoje siku ambayo shofere amekwisha kupiga honi.

Safari njema, na usalama kwanza!